Mbwa wa Kwenye Kioo na Mbwa wa Uani

Waswahili wana methali ya tembo ambayo kwa heshima ya msomaji sitaiandika yote. Inatosha kusema kwamba mwenye kumuiga tembo mwisho wake hupasuka msamba. Katika miaka yangu ya ualimu niliitumia kwa wanafunzi walioiga uvutaji wa sigara na kwa wale walioiga Kiingereza cha sinema. Sikudhani kwamba ingefika siku ya kuitumia kwa ajili ya mbwa.

Kariakoo haijapata kuwa mtaa wa mbwa. Wenyeji wake wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wa kulinda mali dini haikumkataza, lakini hakuwa wa kukaribishwa sebuleni. Alikaa uani, akala makombo, akabweka usiku. Baadaye nyumba za uani zilibomolewa, yakapanda maghorofa, maduka na maghala yakazidi, na wenye mali wakaanza kutafuta mbwa wa kizungu, wakubwa na wa kutisha. Mbwa hao walihitaji mafunzo, na mkufunzi aliyekuwa karibu kuliko wote ni televisheni.

Mwaka 1980, pale Barbara Woodhouse alipopata umaarufu Uingereza kwa kufundisha mbwa kupitia BBC, Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walianza mwaka 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa. Sasa vipindi vya namna hiyo vimo hata ndani ya simu ya mkononi, na kijana huviangalia akiwa amekaa juu ya gunia ghalani.

Kijana mmoja wa jirani yangu, mpwa wa mwenye ghala, alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliangalia kipindi ambacho bingwa humlaza mbwa mkali chali, humkandamiza shingo mpaka anyamaze, kisha husema kwamba mbwa sasa amemtambua bwana wake. Kijana akafanya vivyo hivyo uani kwa siku kadhaa. Mbwa alikuwa na desturi ya kunguruma akisogelewa wakati wa kula; kila aliponguruma alilazwa chali. Mwisho wa juma akaacha kunguruma. Kijana aliniamkia kwa furaha, “Shikamoo mwalimu, mwanafunzi wangu amehitimu!” Siku mbili baadaye aliinama kulisogeza sahani, na mbwa yule, bila kutoa sauti yoyote, akamng'ata kiganja mpaka mfupani.

Uani palijaa watu na dawa zao. Mmoja alileta mafuta ya taa, mwingine tumbaku ya kutafuna. Niliomba sabuni na maji ya bomba, nikamshikia mkono ukioshwa kwa dakika kumi na tano kamili kwa saa yangu, kisha akapelekwa hospitali kuanza chanjo. Mbwa hakuwa na cheti cha chanjo, na hapo ndipo hofu yenyewe ilipo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwezi Julai 1885, mtu aliyeng'atwa anaweza kuokolewa iwapo jeraha litaoshwa mara moja na chanjo ikaanza mapema na kukamilishwa. Mjomba wa kijana alitaka mbwa auawe kabla ya magharibi. Bwana mifugo akamzuia: mbwa afungwe, aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima siku hizo, basi hakuwa akiambukiza siku ile alipong'ata. Mbwa alibaki mzima. Nyumba nzima haikulala vizuri siku zote kumi, kwa sababu kila asubuhi mtoto wa miaka sita wa mpangaji wa chumba cha nyuma alipita palepale penye sahani kwenda kuchota maji.

Ndugu msomaji, nimelitafakari jambo hili kwa akili ya kiualimu. Chuoni tulikuwa na somo la mfano. Mkufunzi alisimama mbele ya darasa lililochaguliwa, akafundisha kwa dakika arobaini, nasi tukakaa nyuma tukiandika. Wako waliotoka pale wameiga namna alivyoshika chaki na namna alivyotembea, lakini hawakuliona andalio la somo, wala azimio la kazi, wala majuma ambayo wanafunzi wale walishafundishwa. Televisheni ni somo la mfano lililokatwa vipande. Kazi ya siku nyingi huonyeshwa kwa dakika chache, na mbwa aliyeshindikana hatuonyeshwi. Baadhi ya vipindi hivyo huweka hata onyo kwamba mtazamaji asijaribu nyumbani bila mtaalamu. Onyo huandikwa kwa Kiingereza, nalo hupita upesi kuliko daladala isiyo na abiria.

Jambo la pili ni ukimya. Kila mwalimu anajua darasa linalokaa kimya siku ya mkaguzi, na anajua kwamba ukimya ule si elimu. Mbwa anaponguruma anasema, “Tafadhali usisogee.” Ukimwadhibu kwa kunguruma hujamwondolea hofu, umemwondolea maneno. Hofu inabaki palepale, na siku ikizidi hubakiwa na meno tu. Yule aliyelala chali na kutulia mbele ya kamera pengine hakutulia. Ameganda kwa woga.

Na hoja yenyewe ya kwamba mbwa lazima atiishwe kama mbwa mwitu anavyotiishwa na mkubwa wa kundi ina msingi dhaifu. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika habari za mbwa mwitu wa huko Ulaya aliowachunguza katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, waliofungiwa pamoja na kugombania ukubwa. L. David Mech wa Marekani aliyaeneza mawazo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini baada ya kuwafuatilia porini kwa miaka mingi, Mech huyohuyo aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Kusoma tabia ya ukoo kwa kuwaangalia wafungwa ni sawa na kusoma tabia za Wazaramo kwa kuwaangalia abiria wanaogombania mlango wa basi Mnazi Mmoja saa kumi na mbili jioni.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliopeleka mbwa wao kwa wataalamu wa tabia. Kati ya waliowapiga au kuwapiga teke mbwa wao, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali. Kati ya waliowapindua chali kwa nguvu, asilimia 31. Kwa hiyo kijana wetu hakupatwa na bahati mbaya tu.

Atakayeniambia “samaki mkunje angali mbichi” nitamkubalia, ila nitamuuliza anamkunja kwa nini. Aende Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, akaone panya buku wa shirika la APOPO. Hupewa kipande cha ndizi kila wanapotambua harufu inayotakiwa, hawapigwi, hawakandamizwi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza kwa kugundua mabomu ya ardhini. Ikiwa panya ameweza kufundishwa kazi ya uhai na mauti kwa ndizi na subira, mbwa wa kulinda ghala la vitenge hahitaji kukabwa.

Ushauri wangu ni mfupi. Mbwa achanjwe kila mwaka na cheti kitunzwe. Asisumbuliwe anapokula, na watoto wafundishwe hivyo. Akinguruma, rudi nyuma, halafu utafute sababu. Akizidi ukali, muite bwana mifugo au mtu aliyefanya kazi na mbwa wa polisi. Bingwa wa kwenye kioo, kipindi kikiisha, hufungasha vyombo vyake akaenda zake. Anayebaki uani na mbwa ni wewe, pamoja na mtoto wa mpangaji anayepita na ndoo yake.