Gaël Faye: mtoto wa Bujumbura aliyeacha kazi ya pesa akashika maikro

Ukisimama usiku kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Uvira, taa unazoona kule mashariki ni za Bujumbura. Gaël Faye alizaliwa katika mji huo mwaka wa 1982, baba yake Mfaransa, mama yake Mnyarwanda aliyekimbilia Burundi. Kuna wanaomjua kwa nyimbo, kuna wanaomjua kwa vitabu, na wako wanaodhani hao ni watu wawili. Ni mtu mmoja.

Mwezi wa 10 mwaka wa 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na mapigano yakaingia kartie kwa kartie. Mwaka wa 1994 yakaja mauaji ya kimbari ya Watutsi kule Rwanda, kwenye nchi ya mama yake. Mwaka wa 1995 mtoto akapelekwa Ufaransa. Wahami hawahitaji kuelezwa kipande hiki.

Huko Ufaransa alikutana na rap. Lakini alisoma kwanza, mambo ya biashara na fedha, mpaka akapata kazi London katika shirika linalowekeza pesa. Baada ya miaka kama miwili akaiacha. Mama aliyelipa minerval kwa kuuza unga sokoni angepiga kelele, na angekuwa na haki: mshahara wa mwisho wa mwezi si kitu cha kuchezea, na kuimba hakukumwahidi chochote.

Kwanza alikuwa na kundi, Milk Coffee & Sugar, pamoja na Edgar Sekloka. Mwaka wa 2013 akatoa albamu yake mwenyewe, Pili Pili sur un Croissant au Beurre, yaani pilipili juu ya ule mkate laini wa siagi wa Wafaransa. Ndani yake mna wimbo Petit Pays, "nchi ndogo", aliouimbia Burundi. Mtu wa kazi ya kuchapisha vitabu alisikia maneno yake, akaona hadithi ndefu imejificha humo, akamwomba aiandike.

Kitabu kilitoka mwaka wa 2016 kwa jina lile lile la wimbo. Anayesimulia ni Gabriel, mtoto wa miaka 10, na si Gaël mwenyewe, ingawa wanafanana. Kurasa tamu kuliko zote ni zile ambazo hakuna kubwa linalotokea: watoto wa njia moja isiyotokea wanaiba maembe ya majirani, wanakaa ndani ya Kombi mbovu ya Volkswagen wakipanga mambo yao, jirani mama Mgriki anamwazima mtoto vitabu. Msomaji anajua vita viko njiani. Watoto hawajui. Ndiyo maana maembe yale yanauma zaidi kuliko kurasa za bunduki.

Wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa walikipa tuzo yao ya Goncourt mwaka ule ule. Kikatafsiriwa katika lugha nyingi, Kinyarwanda kikiwemo, na mwaka wa 2020 kikawa filamu. Wengi wangeacha maikro hapo. Yeye aliendelea kuimba: mwaka wa 2018 alipata tuzo ya Victoires de la Musique kwa kazi yake ya jukwaani, na mwaka wa 2020 akatoa albamu Lundi méchant.

Kitabu cha pili cha riwaya, Jacaranda, kilichelewa miaka 8. Kilitoka mwaka wa 2024 na kupata tuzo ya Renaudot. Safari hii kijana Milan anakulia Ufaransa, mama yake ni Mnyarwanda, na mama hasemi kitu. Hataji jamaa, hataji kijiji, hajibu maswali. Mwaka wa 1994 mtoto anaona maiti kwenye televisheni na nyumbani kunabaki kimya. Ni lazima akue, aende Rwanda mwenyewe, aulize watu wengine. Kambini na kwenye familia zinazopokea wahami kuna akina mama wa namna hiyo, na kuna watoto wanaongoja.

Faye mwenyewe amehamia Kigali na familia yake. Kutoka hapo mpaka njia ya maembe kule Bujumbura ni safari ya siku moja kwa gari, kama mpaka uko wazi. Burundi iliufunga mwezi wa 1 mwaka wa 2024, miezi michache kabla ya Jacaranda kutoka.