Neno Moja Lililonipeleka Kitwe

Vijana wengi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wananiuliza: "Pasta, we ulijifunza Kingereza wapi? Na juu ya nini mchungaji anafundisha Kingereza, hapana Biblia tu?" Leo nitajibu. Lakini jibu lenyewe ni safari, na mwanzo wake si mzuri. Kaa, nikueleze.

Mwaka 2006 nilikuwa mchungaji kijana, nimetoka chuo cha Biblia juzijuzi, natunza kanisa dogo upande wa Kolwezi. Wewe unaikumbuka ile miaka. Nyuma ya sheria mpya ya madini ya mwaka 2002, kampuni za kutoka inje zilianza kuingia moja moja, na wakubwa wao wengi walisema Kingereza. Baba zetu walizoea Kifaransa cha biro na Kiswahili cha mgodini. Sasa ikaja lugha ya tatu.

Siku moja watu wa kampuni walifika kijijini kwetu, wakaacha karatasi. Ilikuwa ya Kingereza tupu. Ile ya Kifaransa, walisema, itakuja nyuma. Chifu akaniita: "Pasta, weye njo mwenye masomo. Utusomee."

Watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe, wamama na watoto mgongoni. Mi nilikuwa na Kingereza cha sekondari tu, cha masaa machache kwa juma. Ilinipasa kusema, "Sijui." Sikusema. Mchungaji atasema namna gani mbele ya kanisa lake kwamba hajui kusoma karatasi? Nilisoma polepole, na fasi nilipokwama, nilijitegemeza kwa Kifaransa. Ndani mulikuwa neno "eventually". Nilipoliona nilifurahi, nikawaza: hili nalijua! Kwa Kifaransa tuko na "éventuellement", maana yake "labda, kama itatokea". Basi nikawaambia watu: "Wanasema labda siku moja mashamba haya yatachukuliwa. Labda. Wenye mashamba waende kuandikisha majina."

Watu walisikia "labda", wakarudi nyumbani. Wachache tu walikwenda kuandikisha. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilipokaza, walipanda mahindi na muhogo kama kila mwaka. Mwezi wa pili, mahindi yakiwa yametoa ndevu, mashini zikafika. Waliokuwa wameandikisha walilipwa. Wengine walisimama kando ya njia wakitazama mahindi yao yakilala chini ya matairi. Kati yao mulikuwa mama mmoja mjane wa kanisa letu, mwenye watoto watano.

Juma tatu mfululizo nilihubiri juu ya watu waongo. Kila mtu alijua nasema nani. Na moyoni nilikata shauri: nitakwenda kujifunza Kingereza, kusudi niwaandikie hawa watu barua ya kuwashitaki kwa lugha yao wenyewe.

Ndiyo sababu, wakati wa kiangazi cha 2007, nilipanda kamyo kwenda Zambia. Tulipita Fungurume na Likasi katika vumbi jekundu hata mikate yangu ikageuka rangi. Lubumbashi nililala kwa ndugu wa kanisa, karibu na lile bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha makapi ya shaba. Kesho yake nilishika njia ya Kasumbalesa, kama kilometa 90. Wewe unayeishi kule unajua foleni ya makamyo, wabadilishaji wa pesa na mabunda yao ya kwacha, na duane. Nilionyesha lesepase yangu, nikavuka kwa miguu.

Jambo la kwanza nililoliona upande wa pili ni motokari. Kwetu zinatembea kuume, kule zinatembea kushoto. Kidogo nigongwe, sababu nilitazama upande wa kwetu. Dereva alinifokea kwa Kingereza, mi nikamjibu kwa tabasamu, sikuelewa hata neno moja. Sikujua bado kwamba na katika lugha ni vilevile: mtu anaumia sababu anatazama upande aliouzoea.

Tulipita Chililabombwe, kisha Chingola, hata Kitwe. Ndugu yangu, nilidhani naenda ugeni, nikakuta nyumbani! Kitwe nako kuko kilima cheusi cha makapi ya mgodi, na nyumba za wafanyakazi zimepangwa mistari kama zetu. Watu wanasema Kibemba, na wengi wa Lubumbashi wanakisikia. Wanakula ubwali, ndugu ya bukari yetu, na mboga ya majani pembeni. Lakini kwa biro, kwa masomo na kwa hospitali, ni Kingereza. Ndiyo lugha ya serikali yao tangu walipopata uhuru mwaka 1964, kama sisi tulivyobaki na Kifaransa mwaka 1960. Ni watu wa damu moja na shaba moja, lakini karatasi zao na zetu hazisemi lugha moja.

Mzee mmoja wa kanisa, aliyefanya kazi mgodini miaka mingi, alinipokea nyumbani mwake. Nikamwambia nataka mwalimu mkubwa. Akacheka, akanipeleka kwa watoto wa shule ya Jumapili. Nilikaa kwenye benchi fupi, magoti yakagusa kidevu. Mtoto wa miaka minane alinisahihisha mbele ya wote: nilisema ninakwenda "assist" maziko, kumbe kwa Kingereza neno hilo ni kusaidia. Watoto waliuliza ninasaidia maiti kufanya nini! Nilisikia haya. Lakini ile haya ilikuwa dawa, na nilihitaji nyingi.

Siku nyingine nilitaka kununua diksionere. Nikauliza njiani, "library iko wapi?" Kwetu "librairie" ni duka la vitabu. Nikaonyeshwa nyumba kubwa yenye vitabu, nikatoa pesa. Mama aliyekaa pale akaniambia: "Hapa hatuuzi. Hapa unakaa, unasoma bure." Ilikuwa maktaba. Nikakaa. Akaniletea diksionere nene, na mi nikatoa mfukoni nakala ya ile karatasi ya kampuni, niliyoitembeza toka Kolwezi juu ya barua yangu ya mashitaka. Nikaanza neno kwa neno.

Nikafika "eventually". Nikasoma maana yake. Nikasoma tena. Haikuwa "labda". Ilikuwa "mwishoni, nyuma ya muda kupita". Kwa Kingereza neno hilo halina shaka ndani: jambo litakuja, ni wakati tu unaongojewa.

Karatasi ilikuwa imesema wazi: mashamba yatachukuliwa. Ni kweli, wale watu walikosa kuacha Kingereza tupu kwa watu wasiokijua, na hilo sitalifunika. Lakini "labda" haikutoka kwao. Ilitoka kinywani mwangu. Nilifunga diksionere, nikatoka inje, nikakaa chini ya mti hata jua likashuka. Ile barua sikuiandika.

Nyuma ya miezi mitatu nilirudi. Siku ya Mungu ya kwanza nilisimama mbele ya kanisa, si kwenye mimbari, chini. Nikaeleza yote. Watu walinyamaza. Wengine walitoka, na kuna jamaa moja haikurudi tena kanisani hata leo. Ndipo yule mama mjane akasimama, akasema: "Pasta, shamba imekwisha kwenda. Sasa utufundishe siye wenyewe, tusingojee tena kinywa ya muntu moja."

Ile ndiyo siku niliyoitwa kuwa mwalimu. Tulipaka ubao weusi wa betri na makala, tukaanza jioni, watu kumi na wanne, taa moja ya mafuta. Kisha nilisikia kwamba bidii peke haitoshi. Kwa ruhusa ya kanisa niliingia ISP ya Lubumbashi kujifunza kufundisha kwa taratibu yake. Nilisoma huku nikiuza makala ili kulipa. Nilimaliza nikiwa na mvi za kwanza.

Sasa nyinyi vijana, sikieni. Kingereza si kigeni sana kwetu. Reli ya kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910. Na mbele ya reli, mwaka 1886, mmisionere Arnot alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri akiwa na Kingereza chake. Lakini hakuweza kutuhubiri hata alipokaa chini kujifunza kusema na watu. Hata mwenye kuleta neno ni mwanafunzi kwanza.

Jihadharini na maneno yanayofanana sura na ya Kifaransa. "Actually" si "sasa", ni "kwa kweli". "Demand" si kuomba kwa upole, ni kudai. Ukimwandikia mkubwa wa kazi "I demand", umempigia meza. Andika maneno ya namna hiyo katika kaye, yasome kila juma. Sema kwa sauti, hata watoto wakicheka. Na mtu akikuletea karatasi ya kutia mkono, na wewe huna hakika ya neno hata moja, sema bila haya: "Ngoja, niulize mwingine."

Soma Nehemia 8:8. Wale Walawi hawakutosheka na kusoma kitabu kwa sauti nzuri. Walieleza maana, hata watu wakaelewa. Mama yule mjane ameisoma katika Biblia yake mwenyewe. Mwaka uliopita mjukuu wake alileta karatasi ya kazi ya Kingereza, na bibi akamwuliza mbele ya kutia mkono: "Uko hakika na kila neno?" Mtoto akaja kwangu usiku ule ule. Maneno mawili hakuyajua. Tuliyatafuta pamoja.

Mungu awabariki.