Ngozi Yangu na Chanjo ya Mpox

Chanjo ya mpox ilipoanza kutolewa Goma, Oktoba 2024, sisi wauguzi tulikuwa miongoni mwa walioitwa mapema. Nilimwomba msimamizi wangu aniruke. Nina ukurutu tangu utotoni, ule ambao wengine huuita pumu ya ngozi, na majira ya vumbi viwiko hupasuka mpaka vikatoa maji. Mama, ambaye bado ana alama ya chanjo ya ndui begani, alikuwa ameniambia zamani sana: mwenye ngozi kama yako hachanjwi.

Na mama alijua alisemalo. Chanjo ile ya ndui ilikuwa na kirusi hai, kinachozaana pale pale kilipochanjiwa. Kwenye ngozi nzima kiliacha kidonda kimoja, kisha kovu. Kwenye ukurutu kiliweza kutambaa mwili mzima, hata kuua. Tena hakikuhitaji sindano: mtoto mwenye ukurutu aliweza kukipata kwa ndugu yake aliyechanjwa, kwa kulala naye tu kitanda kimoja.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa daktari wa ngozi nilikuwa na swali moja. "Dokta, kirusi cha chanjo hii ya mpox nacho kinazaana?"

Hakizaani, akasema. Kilikuzwa katika chembe za vijusi vya kuku, kizazi kwa kizazi, zaidi ya mara 500, hadi kikashindwa kuzaana mwilini mwa binadamu. Hudungwa chini ya ngozi, dozi mbili, wiki nne kati yake. Wenye ukurutu walishirikishwa katika majaribio: sindano iliwaletea wekundu na uvimbe zaidi kuliko wengine, baadhi ngozi ikachachamaa, lakini balaa la enzi za mama halikuonekana. Kisha akanigeuzia swali: "Na mpox yenyewe, dada, kwako itahangaika kutafuta mlango?"

Hapo ndipo aliponipata. Kazi yangu ni kuwaogesha na kuwageuza wagonjwa, na ugonjwa huu hupita kwa ngozi kugusana. Glovu haifiki kiwikoni.

Alitaka kwanza nitulize ngozi kwa mafuta na krimu ya steroidi, na nichomwe mahali pasipo na mabaka. Aliuliza pia kama natumia vidonge vya kushusha kinga; situmii.

Mkono ulivimba, ukawasha vibaya. Shingo nayo ilichachamaa wiki hiyo, ingawa Goma kwa vumbi lake haihitaji msaada wa chanjo. Dozi ya pili nilichomwa.

Wazazi wa watoto wenye ukurutu huniuliza, nami huwasimulia haya yote. Ila ipo chanjo nyingine ya mpox, LC16 ya Japani, ambayo kirusi chake bado huzaana na hutolewa kwa kuchanja ngozi. Mzazi akiniuliza kuhusu hiyo simsimulii habari za mkono wangu. Nampeleka kwa daktari.