Chiriku wa Palma

Nyumbani kwetu Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tulifuga chiriku wa kifua cha manjano, ndege ambaye jina lake la kitaalamu, Crithagra mozambica, limebeba jina la nchi yetu. Tulimpa wali na makombo ya mkate, tukajisifu kwamba kibakuli chake hakikosi kitu. Miezi michache baadaye manyoya yalimpukutika, sauti ikamkauka, akafa.

Bibi alituambia, "Mlimjaza tumbo, wajukuu zangu, hamkumlisha." Akatupeleka kondeni tukaone chiriku wa porini wanavyokula: mbegu za nyasi, majani machanga na wadudu wadogo. Basi wa pili tulimpa uwele, masuke ya nyasi yaliyokomaa, mchicha uliooshwa, maji safi kila asubuhi, na mfupa wa dome uliookotwa ufukweni, auparure kwa mdomo apate chokaa. Aliimba mpaka majirani wakasogea.

Machi 2021, vita vilipotuhamisha, tulimfungulia tundu. Hatukuhofu kwamba angekufa njaa: chakula tulichomzoeza ndicho kilichomngoja nje.