Taji la Kristo Barazani

Katika baraza nyingi tunauona mmea wa chunguni wenye miiba mirefu na maua mekundu. Wakristo huuita Taji la Kristo. Tukiufuata hata kwao, hatufiki Yerusalemu, bali Madagaska, penye mawe na jua kali. Mwaka 1821 Milius, gavana wa kisiwa kiitwacho leo La Réunion, aliupeleka Ufaransa. Basi jina lake latukumbusha mateso ya Bwana, wala halishuhudii kwamba alivikwa miiba hii. Tuuweke juani, tuunyweshe maji machache. Lakini utomvu wake mweupe ni sumu, huchoma macho. Jina takatifu halimkingi mtoto. Enyi wazazi, tuuweke juu, mkono wake usipofika.