Choroa wa Kamusi na Choroa wa Nyika

Si kawaida habari za sayansi kumtoa mwanafunzi wa fasihi maktabani. Lakini mnamo Juni 2024 jarida la Nature Ecology & Evolution lilichapisha utafiti ulionifanya niiweke kando tasnifu yangu kwa siku kadhaa. Watafiti, wakiongozwa na Michael Pardo, walisema kuwa ndovu wa Afrika huitana kwa miito inayofanya kazi ya majina. Wala hawakwenda mbali kuwatafuta ndovu hao. Sauti zenyewe zilinaswa papa hapa kwetu, Amboseli na Samburu, kati ya 1986 na 2022.

Ilikusanywa miito 469, ikatiwa katika tarakilishi iliyofundishwa kubashiri ni ndovu yupi aliyekuwa akiitwa. Ilipata jibu sahihi kwa asilimia 27.5. Mhadhiri anayesahihisha mitihani ataguna, ila kubahatisha kungalileta asilimia 8 hivi. Kisha ndovu 17 wakachezewa miito iliyorekodiwa. Aliyesikia mwito wake mwenyewe aliitika upesi zaidi na kuisogelea spika; mwito wa mwenzake haukumshughulisha sana.

Kilichonisisimua mimi ni jambo jingine. Pomboo nao huitana, lakini pomboo humwita mwenzake kwa kuiga sauti ambayo mwenzake huyo hujitambulisha kwayo. Ndovu haelekei kuiga. Kwa sisi tuliokariri sifa za lugha katika somo la Isimu, hapo pana neno zito: unasibu. Hata hivyo, watafiti hawakuweza kukitenga kipande cha mngurumo kilicho jina hasa na vipande vinavyobeba mambo mengine. Nikatabasamu peke yangu. Ni kazi ile ile ya mwanafunzi aliyepewa neno "asingaliwaitikia" akaambiwa aoneshe mofimu zake, ila huyu wa ndovu hana hata pa kuanzia kukata.

Mnamo Agosti 2025 nilisafiri kwenda Mombasa ndani ya lori la mjomba wangu. Msomaji aliyezoea basi la usiku au gari moshi la SGR hajaiona njia hiyo. Lori hujikokota, na aliye ndani yake amekaa juu, mbele ana kioo kipana kama runinga. Baina ya Mtito Andei na Voi barabara imepasua Tsavo pande mbili, Mashariki na Magharibi, na tuta la reli iliyofunguliwa mwaka 2017 limeongeza ukuta wa pili, ingawa wajenzi waliacha mapito chini yake ili ndovu wavuke. Ndovu wa huko ni wekundu kwa udongo wanaojipaka. Mjomba huwaogopa usiku kuliko majambazi. Aliniambia kuwa gizani ndovu haonekani hadi taa zimguse miguu, na wakati huo lori lenye shehena haliwezi tena kusimama.

Kando ya lami tulimkuta kanu amelala, amepondwa kiunoni. Nasema kanu mnyama, si chama. Mjomba alimwita paka mwitu, akampita.

Mbele kidogo walisimama wanyama watatu wa rangi ya majivu, pembe ndefu zimenyooka juu.

"Huyo mwamwitaje huko chuoni?" akaniuliza.

"Choroa, Mjomba."

"Choroa." Alilirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Miaka ishirini napita hapa, mpwa wangu, na jina hilo sijapata kulisikia. Sisi twamwita yule wa mikuki."

Halafu akaanza kunifundisha. Yule wa mikuki, alisema, hustahimili kiangazi bila kuonja maji siku nyingi. Simba humfikiria mara mbili, kwa maana huinamisha kichwa na kuzitoa zile pembe mbele. Mimi nilikuwa na neno ambalo nililipata kamusini, pamoja na ngeli yake na wingi wake. Siku hiyo ndiyo kwanza namwona mwenye neno. Mjomba alikuwa na mnyama mzima, tabia na mapito yake, bila neno. Nikajiuliza ni lini viwili hivi viliachana. Pofu, kuro, tandala, kongoni, swala twiga. Hondohondo, kwezi, mlembe, kigong'ota: haya ni majina ya Kiswahili safi, lakini muulize mwenzako wa mwaka wa nne amwoneshe mwenye jina, ama muulize dereva akutajie jina la anayemwona kila wiki. Kwa wengi wetu kila chenye kwato na pembe ni swala, na kila chenye mabawa ni ndege tu.

Ndovu wanatushinda pia katika kusikiliza. Mwaka 2014 Karen McComb na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Amboseli, ambako ndovu walichezewa sauti za binadamu. Waliposikia wanaume wa Kimaasai, walikusanyika pamoja na kurudi nyuma zaidi ya waliposikia wanaume wa Kikamba. Na sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai hazikuwatisha kiasi hicho. Huwajua wenye desturi ya kubeba mikuki, na huwajua kwa lugha! Nami nikawaza: je, Kiswahili kina maana gani katika masikio yale mapana? Ni lugha ya askari wa wanyamapori na ya dereva wa watalii. Ni lugha ya mjomba wangu akimkaripia utingo wake. Ni lugha pia ya jangili aliyetoka mbali, anayenong'ona na mwenzake wasiyechangia lugha ya mama.

Sitaki kudai kwamba jina humkinga mnyama. Ahmed wa Marsabit alilindwa kwa amri ya Rais Kenyatta, akafa kifo chake mwaka 1974. Satao wa Tsavo naye alikuwa na jina lililovuma, na bado majangili walimuua mwaka 2014. Lakini kifo cha Satao kilitangazwa na kuliliwa hata na watu ambao hawajakanyaga Tsavo. Yule kanu wa barabarani nani atamtangaza, na kwa jina lipi?

Tulifika kwenye mizani ya Mariakani jioni, tukaikuta foleni. Mjomba alishuka kunyoosha miguu, akajiunga na madereva wenzake waliokuwa wakinywa chai karibu na gurudumu la lori moja. Nilimsikia akiwaambia kuwa ameona choroa watatu. Mmoja akamuuliza choroa ni kitu gani. Mjomba akaiweka chini bilauri yake, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akainyoosha.