Baba aliyependa mito na mashamba

Tunapolisikia jina la Louis Martin, mawazo yetu hukimbilia upesi kwa binti yake, Mtakatifu Thérèse wa Mtoto Yesu, ambaye sanamu yake tumezoea kuiona makanisani mwetu. Baba hutajwa kama mzizi wa mti ambao matunda yake tumekwisha kuyala. Leo, ndugu wasomaji, ningependa tumkumbuke yeye mwenyewe: mume, baba wa watoto tisa, na mtu ambaye moyo wake haukutulia chini ya dari siku nzima.

Alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, tarehe 22 Agosti 1823, mtoto wa askari. Akiwa kijana wa miaka 22 alipanda milima ya Alpi hadi monasteri ya Mtakatifu Bernardo Mkuu, nchini Uswisi, akaomba kupokelewa. Aliambiwa ajifunze Kilatini kwanza. Akajaribu, kisha akaacha, akawa fundi wa saa mjini Alençon. Kazi hiyo ni ya kuinama: macho karibu na meza, vidole juu ya magurudumu madogo kama punje za mtama. Nadhani ndiyo sababu, kila alipopata nafasi, aliutafuta mto. Mwaka 1857 alinunua bustani yenye kijumba kama mnara, akahifadhi humo ndoana na nyuzi zake za kuvulia. Samaki aliowapata aliwapelekea mara nyingi watawa Waklara.

Tarehe 13 Julai 1858, saa sita ya usiku, alifunga ndoa na Zélie Guérin, fundi wa dantela, kile kitambaa chembamba cha nakshi kilichoupatia mji ule sifa. Kazi ya mke ilipostawi, Louis aliuza duka lake mwaka 1870 ili amsaidie. (Ninapowasimulia wachumba wa parokia yetu jambo hilo, vijana wa kiume hukohoa kidogo.) Walizika watoto wanne wangali wadogo. Kisha, tarehe 28 Agosti 1877, Zélie naye akafa kwa ugonjwa wa kansa. Louis akahamia Lisieux pamoja na mabinti watano. Mdogo wao, Thérèse, alikuwa na miaka minne na nusu.

Kwetu mara nyingi raha ya mwanamume na nyumba yake ni vitu viwili mbalimbali. Baba akitaka kupumzika, hutoka. Mama na watoto hubaki. Louis alitoka na mtoto. Alasiri alimshika mkono wakatembea, wakiingia katika kanisa hili au lile kusali. Alipokwenda kuvua alimchukua pia. Thérèse alipewa ndoana yake ndogo, lakini yeye alipenda zaidi kuketi kando, katika majani yenye maua. Baadaye aliandika kwamba hapo, pasipo kujua kutafakari ni nini, roho yake ilizama katika sala. Nimesomea ualimu, na miaka mingi nimefundisha katekisimu kwa ubao na chaki. Somo lile lilitolewa na baba aliyenyamaza akitazama maji.

Siku ya Pentekoste, mwaka 1887, binti huyo mwenye miaka 14 alimwomba ruhusa ya kuingia Karmeli. Mabinti wawili walikuwa wamekwisha kuingia, na majuma machache kabla ya hapo Louis alikuwa amepatwa na kiharusi cha kwanza. Walikuwa bustanini. Alilia, akakubali, kisha akachuma katika ukuta mfupi ua dogo jeupe, akampa. Thérèse aliona kwamba lilikuwa limeng'oka pamoja na mizizi yake, akalitunza ndani ya kitabu.

Ugonjwa ulizidi. Mnamo Juni 1888, miezi miwili tu baada ya Thérèse kuingia, mzee alitoweka nyumbani. Alipatikana Le Havre baada ya siku kadhaa. Tarehe 12 Februari 1889 alipelekwa Caen, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko miaka mitatu. Mtu wa mito na njia ndefu akawa mtu wa kuta! Watu wa mji wakasema kwamba mabinti ndio waliomharibu akili kwa kumwacha. Maneno hayo hayahitaji mkalimani kwetu. Mzee wa mtaani akipotewa na fahamu, majirani hutafuta mwenye kosa: mke, mkwe, mtoto aliyesafiri mbali, na mara nyingine hutamkwa neno la uchawi, ndipo mtu huteseka bure. Ubongo huugua kama vile ini linavyougua. Mabinti wa Louis hawakumficha wala hawakumwonea haya.

Mwaka 1892 alirudishwa kwao, miguu imepooza, maneno machache. Céline ndiye aliyemhudumia. Wakati wa kiangazi walimpeleka La Musse, shamba la shemeji yake, na huko ndiko alikofariki tarehe 29 Julai 1894. Céline aliandika juu ya jioni moja ya huko La Musse: walikuwa wamemsukuma katika kiti chake hadi ndani ya msitu, giza likiingia, na ndege akaanza kuimba. Wakasimama. Mzee alisikiliza, na Céline akasema hatausahau kamwe uso wake ulivyokuwa saa ile.